Besimenti Marekani: pima maji ya chini kabla hujamlipa mtu wa kupaka sakafu

Ukinunua nyumba Minnesota, Ohio au popote kwenye baridi kali, karibu lazima utaipata na besimenti, yaani chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Huku msingi huchimbwa kupita kina ambacho ardhi inaganda wakati wa baridi, na wakishachimba hivyo wanamwaga zege chini na kupata chumba kizima. Watu wetu wa Afrika Mashariki tunaoishi huku hukipenda chumba hicho. Wageni kutoka nyumbani hulala hapo, watoto huchezea hapo, kwaya hufanyia mazoezi hapo. Halafu inakuja hamu ya kuifanya sakafu ing'ae. Hapo ndipo nilipoumizwa.

Kampuni iliyonifanyia kazi ilimleta muuzaji mtanashati, mwenye tableti na sampuli za rangi. Kazi ya siku moja, waranti (dhamana ya kazi) ya maisha, na punguzo kubwa mradi nisaini jioni ileile. Walikuja, wakasaga sakafu, wakapaka, wakanyunyiza chembe za rangi na kufunika na poliaspatiki, rangi ngumu ya juu inayong'aa. Ilipendeza kweli. Theluji ilipoyeyuka, vikaanza kuota vilengelenge. Ukikitoboa kimoja, maji yanatoka. Kufika kiangazi rangi ilikuwa ikibanduka mapande mapande kando ya ukuta. Nikadai waranti. Nikajibiwa kwa barua pepe ya heshima sana, ikinukuu kipengele kimoja cha mkataba: waranti haihusu uharibifu unaotokana na unyevu, mvuke au shinikizo la maji kutoka chini ya zege.

Isome tena sentensi hiyo. Sakafu ya besimenti huharibiwa na nini zaidi ya hayo? Kitu chenye uwezekano mkubwa wa kukuharibia kazi ndicho kilichoondolewa kwenye waranti, na si kampuni moja tu inayoandika hivyo. Kabla hujasaini, tafuta kipengele hicho. Kama hukioni, geuza karatasi uangalie nyuma.

Zege lina vinyweleo, na maji ya ardhini hupanda humo polepole, mengine yakiwa mvuke usioonekana kwa macho. Nyumbani unajua utaratibu: kifusi kinashindiliwa, mawe yanapangwa, nailoni inatandikwa, ndipo jamvi linamwagwa. Nyumba nyingi za zamani za huku zilimwagiwa zege bila nailoni hiyo, na hata ilipowekwa, mara nyingine imetoboka. Aliyekulia Tanga au Mombasa anaijua chumvi inayopanda ukutani na kula plasta. Unga mweupe unaouona kwenye sakafu ya besimenti ni jambo hilohilo: maji yamepita, yamekauka, yameacha chumvi. Unga huo ukiwapo, usipake kitu. Ukipaka kitu kisichopitisha mvuke, maji hayaachi kuja. Yanakusanyika chini ya rangi na kuisukuma juu.

Kwa hiyo pima. Chukua karatasi ya plastiki ya sentimita 46 kwa 46, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne bila kuacha upenyo, na uiache angalau saa 16. Weka sehemu kadhaa, hasa karibu na kuta na penye nyufa. Ukikuta matone upande wa chini wa plastiki, au zege limebadilika rangi na kuwa jeusi, maji yanatoka ardhini. Matone yakiwa upande wa juu, hiyo ni hewa ya chumba yenye unyevu. Fanya hivyo theluji inapoyeyuka au baada ya mvua kubwa. Ukipima katikati ya Januari, ardhi ya nje ikiwa imeganda, unaweza kudhani uko salama na kumbe hauko.

Lakini kipimo hicho kinaweza kukukataza kupaka, hakiwezi kukuruhusu. Plastiki ikiwa kavu, bado mvuke unaweza kuwa mwingi kuliko rangi inavyostahimili. Kabla ya kumwaga maelfu ya dola, dai kipimo chenye namba. Kimoja hutumia chumvi ya kalisi kloridi, inayofyonza mvuke na kupimwa uzito baada ya saa 60 hadi 72. Kingine huchimba tundu hadi asilimia 40 ya unene wa zege na kuweka kifaa kinachosoma unyevu wa ndani baada ya saa 24. Kila bidhaa ina karatasi yake ya kitaalamu inayotaja kikomo cha unyevu inachostahimili. Linganisha namba mbili hizo. Namba ya sakafu ikizidi ya bidhaa, hakuna tabasamu la muuzaji litakalobadilisha jambo. Kuna epoksi (rangi nzito inayogeuka kuwa ngumu kama plastiki) maalumu za kuzuia mvuke zinazopakwa kwanza, ni ghali, nazo lazima ziandikwe kwenye mkataba kwa jina.

Kwetu fundi akiharibu, unamfuata kwake, unamkuta mama yake, mjumbe anaitwa, mnakubaliana arudie. Hapa aliyekuuzia siye aliyepaka, aliyepaka siye anayepokea simu, na anayepokea simu anakusomea karatasi. Sisemi ni watu wabaya. Jamii yao imekubaliana kwamba maandishi yashike nafasi ya kujuana, na aliyezaliwa humo anasoma kila mstari bila kuona haya. Sisi tunaona haya kusoma mkataba mstari kwa mstari mbele ya mgeni mezani petu huku chai inapoa. Jirani naye alijua besimenti za mtaa wetu hutoa maji, akaniambia nilipomwonyesha vilengelenge. Kwao kumwingilia mtu ambaye hajauliza ni kukosa adabu. Kwa hiyo uliza kwanza, nyumba ya kulia na ya kushoto.

Ndugu zetu wa nyumbani wanaotutumia video za sakafu za epoksi na kuuliza kwa nini besimenti bado zege tupu, wavumilie. Na mdogo wangu uliyefika juzi, ukampa mtu advansi kwa simu bila karatasi kwa sababu ni wa kwetu: uwe na huruma na fedha yako. Mtu wa kwetu pia anaandika mkataba. Ukiwa Minnesota, angalia leseni yake kwenye Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo, kwa sababu mfuko wa kufidia wateja unawahusu waliofanyiwa kazi na wenye leseni tu.

Kazi za kawaida kwa ufupi. Safisha mifereji ya paa, na bomba la kushushia maji lipeleke mbali na ukuta. Udongo uteremke sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza kutoka nyumbani. Hilo peke yake huponya besimenti nyingi. Kiangazi usifungue madirisha ukidhani unakausha. Hewa ya joto ikigusa zege baridi inatoa maji. Washa mashine ya kukausha hewa, unyevu ukae chini ya asilimia 50. Ukikuta vigae vya zamani vya inchi 9 kwa 9, usivibandue wala kupiga msasa kabla havijapimwa, maana vingi vina asbesto, nyuzi ambazo vumbi lake huleta saratani, na gundi nyeusi chini yake pia. Pima radoni, gesi ya mionzi itokayo ardhini, wakati sakafu bado tupu: Minnesota nyumba 2 kati ya 5 hupita kiwango ambacho unashauriwa kuiondoa, na bomba la kuitoa hupitishwa kwenye zege. Na chumba cha kulaza wazazi kiwe na dirisha ambalo mtu anaweza kutokea moto ukizuka.

Sakafu ikiwa na unyevu kidogo, mimi nachagua vigae vya kauri vilivyobandikwa kwa saruji, au zege lenyewe likipakwa dawa inayoingia ndani na kuacha mvuke upumue, na juu yake zulia la kutandika linaloweza kutolewa nje. Zulia la kubandika ukuta hadi ukuta hapana. Mbao za laminati, zile za unga wa mbao ulioshindiliwa, hapana.

Ukiamua kupaka, mkataba uwe na matokeo ya kipimo cha unyevu kwa namba na tarehe. Waranti itaje waziwazi kwamba unyevu kutoka chini unahusika, na kwamba gharama ya mafundi imo, si ndoo ya rangi tu. Muuzaji akikataa kuandika, asante, kwaheri. Na kama umesaini tayari nyumbani kwako, kanuni ya serikali kuu ya Marekani inakupa hadi saa sita usiku ya siku ya tatu ya kazi kuvunja mauzo ya dola 25 au zaidi. Jumamosi inahesabiwa kuwa siku ya kazi. Jumapili na sikukuu za serikali hazihesabiwi. Muuzaji anatakiwa kukuachia nakala mbili za fomu ya kufuta. Jaza moja, itume kwa posta yenye uthibitisho, na ubaki na nyingine pamoja na risiti.