Kupanga usafirishaji wa mizigo wa kanda kwa barabara na reli: anzia pale mzigo unaposimama

Mipango mingi ya kanda huanza na ramani: reli ipite hapa, barabara ipanuliwe pale. Hapo ndipo fedha hupotea, kwa sababu shehena haicheleweshwi sana na mwendo. Inacheleweshwa yadini, mizanini, kwenye foleni ya geti na kwenye stesheni ambako treni moja inaisubiri nyingine ipite. Anza na sehemu hizo. Mistari ya ramani itafuata.

Hesabu mzigo, si magari peke yake

Hesabu malori siku saba mfululizo, na angalau siku mbili kati ya hizo zihesabiwe saa 24, maana malori ya masafa marefu hutembea sana usiku. Yagawe kwa idadi ya ekseli, yaani mihimili ya magurudumu. "Lori kubwa" na "lori dogo" haviwezi kukusaidia baadaye kwenye usanifu wa barabara. Simamisha baadhi yao na uwaulize madereva wametoka wapi, wanakwenda wapi, wamebeba nini na tani ngapi. Usiache swali ambalo wengi husahau: safari ya kurudi huwa wanabeba nini? Kama jibu ni "hakuna", gharama ya safari ya kwenda inabeba pia ya kurudi, na hilo litaamua mambo mengi mbele ya safari.

Rudia kazi hiyo msimu wa mavuno na nje ya msimu. Kisha linganisha majibu na hati za mizigo na rekodi za mizani. Takwimu zikipishana, usichukue wastani. Tafuta kilichosababisha. Kosa la kawaida ni tani zilezile kuhesabiwa mara mbili, zinapoingia ghalani na zinapotoka.

Sasa geuza tani za mwaka ziwe safari za siku. Tuseme ushoroba una tani 1,200,000 kwa mwaka kuelekea upande mmoja, na siku za kazi ni 300. Hiyo ni tani 4,000 kwa siku. Zidisha kwa 1.3 kwa ajili ya wiki za kilele, upate 5,200. Kwa malori ya tani 26 ni safari 200 za kwenda na 200 za kurudi kila siku. Kwa treni zinazobeba tani 1,400 za mzigo ni treni nne. Anayepanga kwa wastani bila kilele atakuwa na foleni kila msimu wa mavuno, kisha atalaumu madereva.

Mzigo upi uende relini

Reli ni nafuu kwa kila kilomita, lakini inadai gharama mbili ambazo lori halina: kunyanyua mzigo kutoka chombo kimoja hadi kingine, na lori la kuuleta stesheni au kuuchukua. Umbali ambao reli inaanza kushinda hupatikana kwa kugawa gharama hizo za ncha mbili kwa tofauti ya gharama ya kilomita moja. Kama lori linagharimu vizio 8 vya fedha kwa kila tani kwa kilomita, reli 4, na gharama za ncha zote mbili ni vizio 1,600 kwa tani, basi 1,600 ÷ 4 ni kilomita 400. Kiwanda kikiwa na reli inayoingia hadi ndani ya uzio wake, nusu ya gharama za ncha inaondoka na umbali unashuka hadi 200. Kwa hiyo kipande cha kilomita mbili cha reli ya kiwandani kinaweza kuhamisha mzigo mwingi kuliko kuongeza mwendo wa treni kwenye njia nzima.

Saruji, klinka (malighafi ya saruji), nafaka, mbolea, mafuta na makontena yanayokwenda sehemu moja kwa wingi ni mzigo wa reli. Mboga, vifurushi na bidhaa zinazogawiwa maduka mengi ziachie lori bila kubishana.

Uwezo wa reli ya njia moja

Kinachotawala ni kipande kirefu kuliko vyote kati ya stesheni mbili za kupishania. Kanuni ya Scott, ya kukadiria treni ngapi zinaweza kupita kwa siku, inatosha kwa hatua ya mipango: gawa dakika 1,440 za siku kwa jumla ya muda wa treni ya polepole kukivuka kipande hicho na muda wa shughuli za kupishana, kisha zidisha kwa 0.7. Kipande cha kilomita 30 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni dakika 36. Ongeza 8 za kupishana, ziwe 44. Matokeo ni treni 22 kwa siku kwa pande zote mbili, pamoja na za abiria. Ukijenga njia ya kupishania katikati ya kipande hicho, na kinachofuata kwa urefu kikawa kilomita 22, uwezo unapanda hadi treni 29. Ndiyo sababu wataalamu wa reli huuliza kwanza kuhusu njia za kupishania kabla ya kukubali wazo la kujenga reli ya pili.

Urefu wa njia hizo nao ni kikomo. Yenye mita 600, ukiacha asilimia 10 ya nafasi ya kusimama na mita 40 za vichwa viwili vya treni, inabaki mita 500, yaani mabehewa 35 ya mita 14. Kurefusha njia tano kati ya sita hakusaidii kitu: treni inapimwa kwa ile fupi kuliko zote.

Angalia pia mwinuko. Kwenye tambarare behewa linahitaji nguvu ya kilo 2 hadi 3 kwa kila tani ili liendelee kutembea. Mwinuko wa asilimia 1 unaongeza kilo 10, hivyo nguvu inayodaiwa kwa kichwa cha treni inakuwa mara nne hadi sita ya ile ya tambarare. Pima pia kimo cha mahandaki na cha nafasi iliyo chini ya madaraja kwa kontena lenye kimo cha mita 2.9, na uzito wa ekseli. Kontena la futi 20 linaweza kufika tani 30.48 pamoja na uzito wake. Reli ya tani 16 kwa ekseli inaruhusu behewa la ekseli nne lenye tani 64 kwa jumla. Ukitoa uzito wa behewa lenyewe, haliwezi kubeba makontena mawili yaliyojaa kiasi hicho.

Mabehewa mangapi?

Hapa ndipo ukweli wa yadi unapojitokeza. Kwa kilomita 500 na mwendo wa wastani wa kilomita 25 kwa saa, pamoja na kusimama, safari ni saa 20 kwenda na 20 kurudi. Upakiaji na upakuaji ukichukua saa 12 kila upande, mzunguko ni saa 64. Treni nne kwa siku zitahitaji seti 11 za mabehewa. Yadi zikichukua saa 24 badala ya 12, mzunguko unakuwa saa 88 na unahitaji seti 15. Hizo seti nne za ziada ni mabehewa 140, yamenunuliwa ili yasimame. Ongeza takriban asilimia 10 kwa ajili ya matengenezo, kisha andika saa za yadi ndani ya mkataba na mwendeshaji wake.

Yadi na bandari kavu

Uwezo wa yadi kwa mwaka ni nafasi za chini, mara idadi ya makontena yanayopangwa juu kwa juu, mara kiwango cha kujaa, mara 365, ukigawa kwa siku za kukaa. Nafasi 400, tabaka tatu, kujaa 0.65 na siku 5 zinatoa karibu makontena 57,000 ya futi 20. Siku zikiwa 10, yanabaki 28,500 kwenye eneo lilelile. Usipite 0.65 kwa sana: yadi iliyojaa hulazimika kuhamisha makontena mawili ili kulitoa moja la chini.

Sakafu isanifiwe kwa mashine ya kunyanyulia makontena. Ikiwa imebeba, ekseli yake ya mbele inaweza kukaribia tani 100, na lami ya barabara ya kawaida itabonyea mapema sana. Reli ya kupakulia iwe na urefu wa treni nzima. Ikiwa nusu yake, kila treni itakatwa vipande viwili na saa zitaliwa kwa kupangapanga mabehewa.

Kwenye geti, malori 200 yakija ndani ya saa nne ni 50 kwa saa. Kwa dakika nne kila lori, unahitaji mageti manne. Yakipewa miadi na kutawanywa kwa saa 16, ni 13 kwa saa, na geti moja linatosha. Weka la pili kwa dharura.

Barabara zinazolisha yadi

Majaribio ya AASHO, chama cha maafisa wa barabara kuu za majimbo ya Marekani, yaliyofanyika Ottawa, Illinois, 1958 hadi 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 12 inaharibu zaidi ya mara mbili ya ile ya tani 10. Kwa hiyo mizani ikae pale mzigo unapoanzia, ndani au karibu na yadi, ambako uzito ukizidi kuna pa kupunguzia. Mizani iliyo katikati ya pori hukamata kosa ambalo tayari limetembea kilomita 200, tena bila ghala la kushushia.

Barabara ya kuingia yadini isikatizwe na reli kwenye mdomo wa yadi. Treni ya mita 530 kwa kilomita 20 kwa saa hupita kwa sekunde 95, jambo linalovumilika. Lakini kichwa kinachopanga mabehewa mbele na nyuma kinaweza kuifunga njia hiyo robo saa, mara kadhaa kwa siku. Sogeza geti upande wa pili, au tenga fedha za daraja tangu mwanzo.

Ardhi ya upanuzi itengwe kisheria kabla eneo la yadi halijatangazwa. Tenga ukanda mrefu, ulionyooka na karibu tambarare, wenye urefu wa treni ya baadaye na si ya leo. Nyumba zikishafika kwenye uzio, ukanda huo haupatikani tena, na kelele za usiku zitaleta amri ya kufunga kazi saa zilezile ambazo malori huwa mengi.

Baada ya kufungua, fuatilia kila mwezi vipimo vitatu: siku za kontena yadini, saa za mzunguko wa mabehewa, na asilimia ya malori yanayorudi matupu. Siku za yadini zikipita tano kwa miezi mitatu mfululizo, pitia upya tozo za kuchelewa kuchukua mzigo na saa za kazi za forodha kabla ya kuidhinisha nafasi mpya hata moja.