Mchoro wa mtoto ufike Lidice: mambo ya kufanya

Walimu wenzangu na wazazi mnaouliza michoro ya watoto inapelekwaje kwenye maonyesho ya nje, mi naanza na Lidice kwa sababu ndo nnayoipenda kuliko yote. Lidice ni kijiji cha Ucheki, karibu na Prague, Wanazi walikiteketeza Juni 1942, wanaume wakapigwa risasi, wanawake wakapelekwa kambini na watoto 82 wakauawa kwa gesi. Tangu 1967 kunafanyika maonyesho ya sanaa za watoto kuwakumbuka hao na watoto wote waliokufa vitani, na toka 1973 ni ya kimataifa, mtoto wa miaka 4 mpaka 16 anaruhusiwa. Wale wakubwa uwasimulie haya kabla hawajashika brashi, wadogo waambie tu kuna watoto wenzao wanakumbukwa, inatosha.

Kila mwaka kuna mada yake. Usiisome tu afu ukasema haya choreni. Tuseme mada ni maji, wapeleke bombani wakae foleni na ndoo, wasikilize akina mama wanavyobishana nani kawahi, wakirudi darasani kila mtu ana maji yake kichwani. Mi mwaka mmoja nilifanya uvivu nikawachorea mfano ubaoni, mlima jua na mnazi, nikaletewa rundo zima la mlima jua na mnazi, hamna hata mmoja nilioweza kuutuma na kosa lilikuwa langu.

Sasa kubwa kuliko yote: usimshikie mtoto brashi!! Najua mkono unawasha, unaona pua imekaa shavuni unataka urekebishe kidogo tu, acha jamani. Mtu aliyezoea michoro ya watoto anaujua mstari wa mtu mzima akiutupia jicho tu, na mtoto mwenyewe anajua ile kazi si yake tena, hilo ndo linaniuma zaidi. We muulize, huyu nani, mbona kakaa peke yake, huku nyuma kuna nini, afu nyamaza aendelee. Na kukopi katuni kwenye simu hapana.

Karatasi iwe nzito, hata manila inafaa, vipimo angalia masharti ya mwaka husika. Nyuma andika kwa penseli herufi kubwa: jina, umri, shule, nchi, na jina la mchoro alilolitoa mtoto mwenyewe, akisema "Bibi anasubiri mvua" basi iwe hivyo hivyo usimpambie. Mzazi asaini kwamba amekubali. Piga picha kila mchoro kabla haujaondoka, maana unaweza usiuone tena.

Rangi ikauke kabisa, weka michoro ndani ya nailoni katikati ya kadibodi mbili, usiiviringishe rangi itapasuka. Posta nenda mapema, miezi miwili kabla ya mwisho wa kupokea, na kwenye fomu ya forodha andika ni michoro ya watoto, haina thamani ya kibiashara.

Medali yao inaitwa Waridi la Lidice, na kuna vyeti pia. Majibu yakitoka, darasani kwako akapata mmoja au wawili, chapisha zile picha ulizopiga utundike ZOTE ukutani, za waliopata na ambao hawajapata, ita wazazi, na kila mtoto asimame kwenye mchoro wake aueleze mwenyewe.