Jinsi ya Kusoma Jenomu ya Mnyoo-duara Asiyechunguzwa Sana

Mnyoo-duara Caenorhabditis elegans alikuwa mnyama wa kwanza ambaye jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilichapishwa, mwaka 1998: takriban jozi za besi milioni 100 na jeni za protini karibu 20,000. Tarakimu hizo humwelekeza anayeanza na spishi nyingine, ingawa si kanuni, kwa kuwa jenomu ya Haemonchus contortus, mnyoo wa tumbo la kondoo na mbuzi, hukaribia milioni 280.

Ugumu mkubwa huja kabla ya mashine ya kusoma DNA kuwashwa. Ikiwa spishi ina dume na jike, kila mnyoo hubeba nakala mbili za jenomu zinazotofautiana sana, na programu ya kuunganisha vipande huzidhani kuwa sehemu mbili tofauti; jenomu huvimba na jeni huonekana maradufu. Kwa hiyo pandisha kaka na dada kwa vizazi 20 hivi, ukijua kwamba hata hivyo masalia hubaki, kama ilivyodhihirika kwa C. remanei na C. brenneri.

Adui wa pili ni chakula chao, yaani bakteria. Waoshe minyoo mara kadhaa, waeleshe katika myeyusho wa sukari ili uchafu uzame, kisha uwaache saa chache bila chakula mpaka matumbo yawe matupu. Kwa kuwa C. elegans mzima mwenye jinsia mbili ana seli za mwili 959 tu, DNA ya mnyoo mmoja ni kidogo mno, hivyo kusanya maelfu kwa maelfu, wagandishe kwa naitrojeni ya kimiminika, wasage, kisha uyeyushe protini kwa kimeng'enya. Usitikise chupa kwa nguvu, maana DNA ndefu hukatika.

Soma DNA hiyo kwa teknolojia ya vipande virefu, na usome pia RNA, yaani nakala za jeni zinazotumika, ya minyoo wa rika zote. Kabla ya kuunganisha, hesabu ni mara ngapi kila neno fupi la DNA hujirudia na utazame grafu yake: vilele viwili humaanisha kwamba nakala mbili bado zipo. Unganisha kwa hifiasm, ondoa nakala za ziada kwa purge_dups, na tenganisha vipande vya bakteria kwa BlobTools. Halafu pima ukamilifu kwa BUSCO, programu inayotafuta jeni zinazotarajiwa kuwepo, kila moja mara moja tu. Binafsi huangalia kwanza asilimia ya jeni zilizojirudia, kwa sababu ukamilifu wa kuvutia huweza kuificha kasoro hiyo.

Katika kubainisha jeni, ficha kwanza mfuatano unaojirudia, kisha uipe BRAKER, programu ya kutabiri jeni, ushahidi wa RNA. Minyoo-duara wana mtego wao: RNA nyingi huunganishwa mwanzoni na kipande cha besi 22 kinachotoka kwingine katika jenomu, nacho kisipokatwa huvuruga upangaji wa RNA juu ya jenomu. Aidha, takriban asilimia 15 ya jeni za C. elegans hupangwa katika operoni, mfululizo unaonakiliwa kwa pamoja, kwa hiyo programu hupenda kuzigeuza jeni jirani mbili kuwa moja ndefu. RNA zenye kipande hicho cha mwanzo cha aina ya SL2, ambacho huwekwa hasa kwenye jeni za operoni zinazofuata ya kwanza, huonyesha jeni inayofuata inapoanzia. Zitumie kurekebisha kwa mkono pale panapotiliwa shaka.

Jenomu ya mitokondria, yenye jozi za besi kama 14,000, ishughulikie peke yake, ukichagua msimbo wa kijenetiki wa mitokondria ya wanyama wasio na uti wa mgongo.