Mwaka wa Tatu Ndio Unaoua: Kwa Anayetaka Kufungua Darasa la Kiingereza Marekani

Kama umetoka Kisumu, Nakuru au Kakamega, unaijua tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya kodi kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Saiba zimejaa, tovuti yao ya iTax imekwama, na hata kijana ambaye hajawahi kupokea mshahara anapanga foleni apeleke ritani ya sifuri, maana asipopeleka faini ni shilingi 2,000. Mimi mwenyewe nilishamgombeza binamu yangu wa Nyalenda kwa kungoja saa ya mwisho. Halafu nikaja Minnesota, nikaanzisha darasa la kuwafundisha wahamiaji kusoma na kuandika Kiingereza, na miaka mitatu mfululizo sikupeleka chochote.

Kuanzisha si kazi. Unasajili shirika kwa jimbo, huku kwetu wakurugenzi wasipungue watatu. EIN, namba ya kodi ya shirika, unaipata bure mtandaoni kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Anayekudai pesa kukutafutia ni tapeli. Ukitarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka, unaomba msamaha wa kodi kwa fomu 1023-EZ, dola 275. Unafungua akaunti ya benki. Basi. Sisi tulimaliza yote hayo kabla theluji haijayeyuka.

Sasa sikiliza vizuri hapa.

Tulikuwa tunafundishia chini ya kanisa. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema kabisa, akaniambia, "Ndugu, sisi hatupelekagi ritani. Mambo ya sadaka serikali haiulizi." Alisema kweli, lakini kweli yake, si yangu. Sheria inaliondolea kanisa mzigo huo. Darasa letu halikuwa kanisa. Lilikuwa shirika lenye jina lake na EIN yake, lililokaa tu chini ya paa la kanisa. Kukodishiwa chumba hakukufanyi mwenye nyumba.

Shirika dogo kama letu linatakiwa kupeleka fomu 990-N kila mwaka, mwisho tarehe 15 Mei kama mwaka wako unaisha Desemba. Ni fomu ya mtandaoni, maswali manane: jina, anwani, EIN, nani anaongoza, na mengine ya namna hiyo. Hata kama mlipata dola 300 za karatasi na kalamu, peleka. Hata kama hamkupata kitu, peleka. Narudia kwa sababu mimi niliambiwa mara moja nikasahau: kutokuwa na pesa si sababu ya kutopeleka.

Na mtego wenyewe uko hivi. Usipopeleka 990-N mwaka wa kwanza, hakuna faini. Mwaka wa pili, hakuna faini. Sisi tuliolelewa na KRA tunajua kosa kwa kuumia mfukoni. Usipoumia unadhani uko salama. Mwaka wa tatu mfululizo ukipita, sheria yenyewe inafuta msamaha wako wa kodi kuanzia siku ile fomu ya tatu ilipotakiwa, na hakuna rufaa. Huwezi kwenda kuketi kwenye benchi la ofisi ukabembeleza.

Nilijuaje? Mama mmoja mstaafu anayejitolea kwetu alitaka mwajiri wake wa zamani achangie dola kwa kila dola aliyotoa yeye. Jioni moja, wanafunzi wakivaa makoti, akafungua kompyuta juu ya dawati lililojaa vifutio, akatafuta jina letu kwenye orodha ya IRS. Akanyamaza. Akanigeuzia kioo: tumefutwa. Barua ilishatumwa kwa anwani ya katibu wetu wa kwanza, ambaye alikuwa amehamia Texas. Kwa hiyo ongeza hili: kiongozi akibadilika, fomu 8822-B, ya kuwaarifu IRS mabadiliko hayo, ipelekwe ndani ya siku 60. Anwani ya shirika isiwe nyumba ya mtu anayepanga.

Tuliponea chupuchupu. Ukiomba upya ndani ya miezi 15 tangu barua ya kufutwa au jina kutokea kwenye orodha, yoyote iliyochelewa, shirika dogo linaweza kurudishiwa msamaha kuanzia siku lilipofutwa. Hiyo ni mara ya kwanza tu. Tulilipa dola 275 nyingine, tukathibitisha kwamba hatukukusudia kosa lile, tukangoja.

Huku watu ni wapole mno. Atakutabasamia, atakufungulia mlango, atakuuliza hali ya wikendi yako, na hatakuambia kwamba unazama. Zamani nilichukia "kuja kesho" ya ofisi zetu. Siku hizi naikumbuka kwa hamu kidogo, maana "kuja kesho" walau ni mtu anaongea nawe.

Na ninyi wa nyumbani, nawapenda, lakini tusikilizane. Neno NGO likifika kwenu linageuka Prado. Mjomba wangu wa Luanda, ile ya Vihiga, alinipigia kuomba "barua ya shirika" ya kumpatia viza. Mpwa wangu akataka karo "kutoka kwa wafadhili". Mjomba, kwa heshima zote, pesa ya shirika si yangu, na nikiitoa kwa ndugu ndipo nitakapoulizwa maswali mabaya kuliko hili la fomu. Hatuna hata mshahara. Ni ngumbaru ile ile, kisomo cha watu wazima, mama aliyofundisha Ahero, ila hapa wanafunzi wanatoka Uvira, Kismayu na Guatemala, na nje kuna barafu.

Mwanafunzi wetu mmoja wa Uvira alishika penseli mara ya kwanza kama anavyoshika kisu cha kumenyea muhogo. Miezi saba baadaye aliniletea fomu ya uraia, N-400, akitaka nimjazie. Nilikataa, ikaniuma. Asiye wakili wala mtu aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria hashauri mambo ya uhamiaji, hata kwa huruma. Kiingereza cha mtihani, ndiyo, tumfundishe: anatakiwa asome sentensi moja sawasawa kati ya tatu, na aandike moja kati ya tatu. Fomu tunamwelekeza kwa wanaoruhusiwa.

Mwaka huu 990-N niliipeleka Februari. Haikufika dakika kumi. Risiti nimeichapisha nakala mbili, moja iko kwa mweka hazina na nyingine nimeibandika kwenye mlango wa friji. Mpwa wangu aliiona tulipopigiana simu ya video, akauliza kama ile ni hundi.