Kupinga kizuizi bila hukumu kwenye mahakama ya kikanda

Anza na kalenda. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, inampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu kitendo kitokee au tangu apate habari zake. Haidai amalize kwanza mahakama za nchini, lakini pia haiongezi muda, na hoja kwamba ukiukaji unaendelea maadamu mtu bado yuko ndani haimwokoi aliyechelewa. Wengi huumia hapo: wanangoja rufaa ya nyumbani iishe, kumbe miezi yao imekwisha zamani.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo ya Arusha, ni kinyume chake. Haijaweka idadi ya siku, inataka muda wa kuridhisha baada ya kumaliza nafuu za ndani, yaani njia za kisheria zilizopo nchini. Tazama kwanza kama nchi ina tamko la kifungu cha 34(6) cha Itifaki ya 1998 iliyoianzisha mahakama hiyo, maana bila hilo mtu binafsi hawezi kuishtaki nchi hiyo huko. Tanzania iliondoa lake Novemba 2019, na uondoaji ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, inatoa miezi minne tangu uamuzi wa mwisho wa nchini.

Kazi kubwa ni jalada. Kusanya amri ya kizuizi, hati ya mashtaka kama ipo, na kila uamuzi wa kukataa dhamana. Ukinyimwa nakala, omba kwa barua na utunze nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa. Kunyimwa huko nako ni ushahidi. Kisha chora jedwali: tarehe ya kukamatwa, siku ya kwanza mbele ya hakimu, kila ahirisho, nani aliliomba na kwa nini. Maahirisho yaliyoombwa na wakili wako yaandike pia, kwa sababu serikali itayataja tu. Na palipo na sharti la nafuu za ndani, hoja utakayoipeleka iwe ilishatamkwa nyumbani.

Usijadili kama mtu ana hatia. Shambulia sababu za kumzuia. "Upelelezi haujakamilika" ikirudiwa neno kwa neno kila tarehe ya kutajwa, ibandike kwenye jedwali. Katika Buzadji dhidi ya Moldova (2016), Mahakama ya Ulaya ilisema shaka peke yake haitoshi: hakimu atoe sababu nyingine za msingi tangu uamuzi wa kwanza wa kumweka mtu mahabusu. Kama hakuna shtaka lolote, simamia kifungu cha 6 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kinachokataza kumkamata au kumzuia mtu kiholela. Serikali ikijikinga kwa hali ya hatari, jibu kwamba Mkataba huo, tofauti na ule wa Ulaya, hauna kifungu cha kusimamisha haki.

Amri za muda ziombee matibabu au kuonana na wakili. Kuomba aachiwe kwa njia hiyo mara nyingi hugonga mwamba, kwa kuwa ni kuamua shauri kabla halijasikilizwa. Ombi la kuachiwa liweke kwenye nafuu unazoomba katika hukumu ya mwisho, pamoja na fidia, na uambatanishe stakabadhi za kipato kilichopotea.