Kupokea na kuchuja majina ya wagombea wa bodi ya AMCOS

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia katibu wa AMCOS moja, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, cha wakulima wa kahawa, Moshi Vijijini, kuandaa uchaguzi wa bodi.

Hatua ya 1: Masharti ya chama. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ndiyo msingi, lakini sifa za mgombea, wadhamini na muda wa pingamizi vitafute katika masharti, yaani katiba ya chama, yaliyosajiliwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Tumia nakala yenye muhuri wake.

Hatua ya 2: Tangazo na fomu. Tangazo litaje siku na saa ya mwisho ya kurudisha fomu.

Hatua ya 3: Uhakiki wa uanachama. Hapa ndipo kazi ilipo. Mara nyingi baba amefariki, kihamba, yaani shamba la ukoo, kimebaki kwa mwanawe, naye anaendelea kupeleka kahawa kwa namba ya marehemu, analipwa, anahudhuria mikutano na kila mtu anamhesabu kuwa mwanachama. Ukifungua rejista unakuta jina la marehemu, na safu ya uhamisho wa hisa ni tupu. Huyo hawezi kugombea mpaka uanachama wake upitishwe kwa utaratibu wa masharti, kwa maana kupima kahawa ghalani hakumfanyi mtu kuwa mwanachama. Wadhamini nao wakaguliwe vivyo hivyo, kwani mgombea asiye na dosari huweza kuenguliwa kwa sababu ya mjane aliyemdhamini kwa namba ya marehemu mumewe.

Hata hivyo, msimwengue mtu kwa sababu tu rejista ina majina mawili na kitambulisho cha NIDA kina matatu. Linganisheni namba ya uanachama na sahihi, kisha mwandike maelezo. Kuhusu mgombea anayesemwa ana deni la pembejeo, mtake mhasibu alete orodha iliyosainiwa, maana maneno ya kijiweni si ushahidi.

Fomu ziandikishwe katika kaunta buku lenye kurasa zilizopigwa namba, na kila anayerudisha asaini mbele ya saa aliyofika. Kompyuta siiamini kwa kazi hii. Picha ya fomu iliyotumwa kwa WhatsApp isipokelewe, hata ikiwa ni ya mwenyekiti anayemaliza muda wake.

Hatua ya 4: Pingamizi. Liwe la maandishi, lenye jina na sahihi, na anayepingwa apewe nakala ajibu. Uamuzi utaje kifungu cha masharti kilichotumika, na mjumbe wa kamati inayochuja majina aliye ndugu wa mgombea asishiriki kuamua.

Hatua ya 5: Orodha ya mwisho. Ibandikwe ofisini na ghalani, na nakala yake, pamoja na muhtasari uliosainiwa, apewe afisa ushirika kabla ya mkutano mkuu.