Kukadiria idadi ya panya shamba kwa kuwatia alama na kuwanasa tena

Panya shamba (Mastomys natalensis) hatoki mchana, kwa hiyo kumhesabu kwa macho ni kujidanganya. Morogoro, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wamemfuatilia kwa miongo kadhaa, kazi hufanywa kwa mitego: unanasa, unatia alama, unaachia, kisha unanasa tena na kuangalia wangapi wana alama yako.

Kwa hekta moja tumia mitego 100 aina ya Sherman (kisanduku cha bati kinachojifunga bila kumuumiza mnyama), mistari 10 yenye mitego 10, mita 10 kati ya mtego na mtego. Kila kituo kipe kijiti chenye namba. Chambo ni siagi ya karanga iliyokandwa na pumba za mahindi, donge la ukubwa wa goroli, liwekwe nyuma kabisa ili panya lazima akanyage kibao. Tega saa kumi na moja jioni, kagua kunapopambazuka. Ukichelewa hadi saa tatu, jua limeshapasha bati na panya wanakufa humo ndani. Usiku wa baridi au mvua tia nyasi kavu. Siafu wakiingia shambani funga mitego mara moja. Mnyama aliyenaswa hana pa kukimbilia.

Kumtoa, vika mdomo wa mtego mfuko wa kitambaa, mtikisie humo, kisha mshike ngozi ya shingo ukiwa nje ya kitambaa. Vaa glavu na barakoa, maana panya hawa hubeba vimelea vya leptospirosisi na, katika baadhi ya maeneo, tauni.

Kwa awamu mbili tu, inatosha kunyoa kwa mkasi kipande cha manyoya ubavuni, kama sentimita 2. Ukipanga awamu nyingi, tumia hereni ndogo za chuma zenye namba, moja kila sikio: atakayerudi na moja anakuonyesha kwamba hereni zinadondoka. Mwachie palepale aliponaswa.

Nasa usiku tatu, pumzika siku chache wachanganyike, nasa tena usiku tatu. Katika awamu ya pili kila panya ahesabiwe mara moja tu, kwa hiyo aliyekwisha hesabiwa mpake wino wa maka peni mkiani.

Sasa hesabu. M ni waliotiwa alama na kuachiwa, C ni wote walionaswa awamu ya pili, R ni wenye alama kati ya hao, na N ni idadi yote tunayokadiria. Kanuni ya Lincoln na Petersen ni N = M × C ÷ R, lakini R ikiwa ndogo, hiyo hutoa N kubwa kuliko ukweli. Tumia ya Chapman:

N = (M + 1)(C + 1) ÷ (R + 1) − 1

Tuseme M = 42, C = 50, R = 16. Basi 43 × 51 ÷ 17 − 1 = 128. Usiishie hapo. Varianzi (kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba) ni (M+1)(C+1)(M−R)(C−R) ÷ [(R+1)² (R+2)], yaani 373 hivi. Kipeuo chake cha pili ni 19.3, zidisha kwa 1.96 (kwa uhakika wa asilimia 95) upate 38 hivi, uzipunguze na kuziongeza kwenye 128. Jibu la kuripoti ni 128, kati ya 90 na 166. R ingekuwa 4 ungepata 438, ukiwa na kosa la zaidi ya 300 kila upande, namba isiyomfaa mtu. R ikiwa chini ya 7, ongeza mitego au usiku.

Kinachoharibu zaidi ni tabia ya panya wenyewe. Walioogopa mtego hawarudi, R inashuka, N inavimba. Waliozoea karanga za bure hurudi kila usiku, na N inapungua kuliko ukweli. Alama zikipotea, N inavimba vilevile. Vifo kati ya awamu havina shida kubwa iwapo wenye alama na wasio nayo wanakufa sawa, lakini wageni na watoto wapya wana shida: wakati wa kuzaana, baada ya masika, makinda huingia kwa wingi, hivyo fupisha mapumziko.

Usigawe N kwa hekta moja hivihivi. Panya wa nje ya uwanja nao huingia mitegoni. Ongeza kila upande ukanda wenye upana wa nusu ya wastani wa umbali mrefu zaidi ambao kila panya ameonekana kati ya mtego na mtego. Wastani ukiwa mita 30, ukanda ni mita 15. Uwanja wa mitego wenye mita 90 kwa 90 unakuwa 120 kwa 120, hekta 1.44, na wale 128 ni kama 89 kwa hekta. Hapo utahitaji hereni zenye namba, kwani manyoya yaliyonyolewa hayakuambii ni panya yupi.